Chanuo Kwanza, Maji Baadaye: Maswali ya Wenye Mbwa wa Manyoya ya Kujisokota

Barua za safari hii zimetoka Malindi na pembezoni mwake, na zote zinamhusu mbwa wa manyoya ya kujisokota: pudeli, machotara wake na jamaa zake. Mbwa huyu hapukutishi manyoya kama mbwa wengine. Unywele uliokufa haudondoki chini, hunaswa na ulio hai, ukakaa humo mpaka mtu autoe kwa chanuo. Ndiyo maana sakafu ya nyumba yake ni safi, na ndiyo maana mwenyewe hakosi kazi.

Mafundo yanazidi kila nikimwogesha

*Salaam, mhariri. Nina pudeli wa kilo 8. Humwogesha kila Jumamosi, akikauka ndipo nimchane. Kwa juu anapendeza, lakini kwapani na nyuma ya masikio ana mafundo magumu, na kila nikimwosha yanazidi. Nakosea wapi? — Msomaji wa Muyeye*

Dada, kosa si shampuu. Kosa ni kutanguliza maji. Fundo likilowa hukaza, na likikauka nyuzi zake huvutana zaidi. Lililokuwa kama punje ya mtama Jumamosi hii litakuwa kama kokwa ya ukwaju Jumamosi ijayo, na sabuni imebaki ndani yake ikiwasha ngozi. Mbwa huyu huchanwa mpaka ngozini kabla hajaona tone la maji. Siku ambayo huna nafasi ya kumchana, usimwogeshe.

Hapo penye “mpaka ngozini” ndipo wengi wanapopotea. Brashi inapita juu juu, manyoya yanainuka, mtu anaridhika, kumbe chini yamegandamana kama sufi ya mto wa zamani. Unahitaji vitu viwili: brashi ya waya nyembamba zilizopinda ncha, na chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na membamba upande wa pili. Mlaze mbwa ubavu juu ya meza iliyotandikwa kitu kisichoteleza. Anzia chini mguuni. Kwa kiganja cha kushoto yainue manyoya yote yaelekee juu, uache mstari mmoja ambapo ngozi inaonekana, kama njia ya msuko kichwani. Teremsha tabaka la sentimita moja au mbili, lipige brashi kwa mkono mwepesi kutoka ngozini kwenda nchani, kisha teremsha jingine. Endelea hivyo mpaka mgongoni, halafu mgeuze.

Ukikuta fundo, libane shina lake kwa vidole ili ngozi isivutwe, uanze kulifungua nchani. Aliyewahi kumchana mtoto mwenye nywele za kipilipili anaijua kazi hii. Unga wa kornflawa ukinyunyizwa kidogo juu ya fundo husaidia nyuzi kuteleza. Usipige brashi mahali pamoja kwa muda mrefu wala kwa kukandamiza, kwa maana waya zitakwaruza ngozi, na mbwa atakesha akijilamba. Tabaka zote zikiisha, pitisha chanuo, kwanza meno mapana kisha membamba. Likitoka ngozini hadi nchani bila kukwama, mbwa yuko tayari kwa maji. Brashi humdanganya mtu, chanuo halidanganyi. Kagua hasa kwapa, kinena, nyuma ya masikio, chini ya mkia, katikati ya vidole na chini ya ukanda wa shingoni. Kama mbwa anavaa ukanda mchana kutwa, uvue usiku.

Sasa maji. Tangi jeusi la juu ya paa lililopigwa na jua la saa saba hutoa maji ya kuunguza, kwa hiyo pima kwanza kwa ndani ya kiwiko: yawe vuguvugu tu. Kwa mbwa wa kilo 8 weka ndoo mbili za lita 20, moja nzima ikiwa ya kusuuza. Shampuu ya mbwa izimue kwanza ndani ya chupa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukiimimina ilivyo, hushika mahali pamoja na haitoki kirahisi. Ipenyeze kwa kubonyeza na kuvuta kufuata manyoya yanakoelekea. Kusugua kwa kuzungusha mkono ndiko kunakozaa mafundo mapya. Suuza mpaka maji yanayochuruzika kutoka tumboni yasiwe na povu hata kidogo.

Kukausha nako ni kwa kubonyeza na taulo, si kufuta. Kisha tumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini, umbali wa sentimita 20 au zaidi, huku mkono wa pili unapiga brashi. Huna mashine? Mweke penye feni na umpige brashi kila baada ya dakika chache mpaka mashina yakauke. Kwa unyevu wa pwani hii manyoya hukauka nje na ndani yakabaki mabichi saa nyingi, na ngozi iliyofunikwa na ubichi huweza kutoa kidonda cha majimaji ndani ya siku moja.

Kuoga kila wiki ni kwingi. Kila wiki tatu panatosha, lakini chanuo lipite kila baada ya siku moja. Hukututajia umri wake: kama yuko kati ya miezi 9 na 18, manyoya ya utotoni yanapisha ya ukubwani, na katika kipindi hicho hufungana hata ukimtunza vizuri. Mchane kila siku mpaka kipindi hicho kipite.

Kaskazi imeanza, nimnyoe kipara?

*Mbwa wangu chotara wa pudeli huogelea baharini karibu kila siku. Joto la Desemba mpaka Machi linamtesa. Kuna walioniambia nimnyoe mpaka ngozi ionekane. Nimenunua mashine lakini sijui namba za bledi. — Msomaji wa Casuarina*

Mnyoe, ila usimfikishe kwenye ngozi. Mbwa hapoi kwa jasho la mwili kama sisi, hupoa kwa kuhema, na manyoya mafupi yanamkinga na jua. Mbwa mweupe aliyenyolewa kipara huungua mgongoni.

Kwenye bledi za mbwa, namba ikipanda manyoya yanayobaki hupungua. Namba 4F huacha takriban milimita 9, 5F milimita 6, 7F milimita 3, na namba 10 milimita 1.5. Kwa mwili, sisi tungechagua 4F au 5F kwa mbwa wa ufukweni: chanuo litapita kwa dakika kumi na mchanga hautajificha. Namba 10 iwe ya tumboni, kinenani, chini ya mkia na katikati ya nyayo tu. Nunua zenye herufi F, ambazo meno yake yamelingana. Zile zenye jino refu na fupi hunasa mikunjo ya ngozi.

Nyoa mbwa aliyekwisha kuchanwa, kuoga na kukauka kabisa. Mchanga wa bahari huua makali ya bledi kwa siku moja, na bledi butu huvuta badala ya kukata. Ilaze bapa mwilini, usiielekeze ncha yake ngozini, na ufuate manyoya yanakolalia. Penye mkunjo, yaani kwapani na pale paja linapoungana na tumbo, nyoosha ngozi kwa mkono wa pili kabla hujapitisha. Kila baada ya dakika chache gusisha bledi ndani ya kifundo cha mkono wako. Ikikuchoma, inamchoma. Izime, ipoe, idondoshee mafuta yake matone mawili matatu. Wekundu unaotokea saa chache baada ya kunyoa mara nyingi ni wa bledi ya moto, ingawa watu huulaumu unga wa mahindi au samaki aliyekula.

Na akitoka baharini, msuuze kwa maji yasiyo ya chumvi saa ileile. Chumvi ikikaukia ndani hukaza manyoya na kuwasha ngozi. Masikio yake yafute kwa pamba, kwani sikio la kulala lenye maji ndani huota uchafu wenye harufu kali. Pamba isiingizwe ndani zaidi ya kidole chako kinapofika.

Kazi na swala

*Assalaam aleikum. Ninatunza nyumba ya Mwitaliano hapa Shella. Ana mbwa wa aina ya Lagotto na ameniomba nimwogeshe. Sisi ni Mashafii, najua umajimaji wa mbwa ni najisi. Nitaifanyaje kazi hii bila kuharibu swala zangu? Na huyu Lagotto anachanwa kama pudeli? — Msomaji wa Shella*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Ulivyosema ndivyo: kwa Mashafii, kilichoguswa na mate au umajimaji wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Masuala yanayozidi hapo ni ya shekhe wako. Sisi tunaweza kukupangia kazi.

Itenge kazi kavu na kazi ya maji. Kuchana na kunyoa hufanywa mbwa akiwa mkavu na mikono yako ikiwa mikavu, na hiyo ndiyo sehemu kubwa. Siku ya maji, ambayo ni mara moja kwa wiki tatu au nne, mwombe mwajiri akununulie glavu za mpira za kufika kiwikoni, aproni ya plastiki na viatu vya mvua, na uwe na nguo za kazi hiyo peke yake. Haya ni madai ya haki, usione haya kuyasema. Mwogeshe asubuhi, jua halijawa kali, ili upate muda wa kutosha kujiosha kabla ya adhuhuri. Chagua mahali pa saruji penye mteremko, mbali na kisima na birika, maji yasikurukie wala yasirudi. Mbwa aliyelowa hujikung'uta; mkamate kidogo ngozi ya shingo, pembeni, mpaka umfunike taulo.

Akikung'ata au kukukwaruza damu ikatoka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama umeambiwa ana chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikianza, hakitibiki.

Lagotto ni mbwa wa majini wa huko Italia, naye humfaa mwenye kazi nyingi kuliko pudeli. Visokoto vya manyoya yake vinatakiwa vibaki vimejisokota, visipulizwe kwa mashine vikawa kama pamba. Mchane vizuri kabla ya maji, mwogeshe, mkamue kwa taulo, kisha mwache vijisokote vyenyewe penye upepo. Kwao inatakiwa anyolewe mwili mzima angalau mara moja kwa mwaka. Kwa joto la Malindi, mshauri tajiri wako iwe mara tatu.

Nimemkata kwa mkasi

*Nilikuwa nakata fundo la sikio kwa mkasi nikakata na ngozi. Lile sikio la pili nililinyoa kwa mashine bila jeraha, lakini kesho yake limevimba kama mfuko wa maji. Nifanye nini? — Msomaji wa Barani*

Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, kwa yote mawili. Jeraha la mkasi lililoachama linahitaji mshono mapema. Wakati unasubiri, libonyeze kwa kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia, usitie majivu wala dawa ya meno.

Uvimbe wa sikio la pili una sababu yake. Fundo zito hubana ncha ya sikio. Likitolewa, damu hurudi kwa kasi, sikio linawasha, mbwa anatikisa kichwa na mishipa inapasuka ndani. Usilitoboe. Siku nyingine, ukinyoa masikio yaliyogandamana, mfunge kichwa kwa kipande cha leso, kwa wepesi, masikio yakilala bapa, kwa saa chache mpaka atulie.

Mkasi na fundo la ngozini havipatani kamwe. Fundo huinua ngozi ikaingia ndani yake, na jicho haliioni. Pitisha bledi namba 10 chini ya fundo, taratibu. Na kama mwili mzima umegandamana, usimtese kwa saa tatu za kuchana: mnyoe, yataota tena.

Kupe, dawa ya ng'ombe na paka

*Mvua za masika zikinyesha kupe wanamjaa. Jirani amenipa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nina paka wanne pia. — Msomaji wa Watamu*

Irudishe. Dawa ya mifugo imepimiwa ng'ombe, na kiasi kinachomwacha ng'ombe salama kinaweza kumlevya mbwa mdogo mpaka ashindwe kusimama. Tumia dawa ya mbwa iliyoandikwa uzito wake. Kama ni ya matone ya shingoni, soma ni siku ngapi asioge kabla na baada, kwa kawaida mbili, maana shampuu huondoa mafuta yanayoieneza. Halafu tazama kama ina permethrini, kiuawadudu kinachotiwa kwenye baadhi ya dawa za kupe. Mbwa huivumilia, lakini humuua paka, hata kwa kulala tu na mbwa aliyetiwa muda mfupi uliopita. Kwa nyumba yenye paka wanne, usiilete kabisa.

Kupe wa kahawia wa mbwa hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta na chini ya matandiko, kwa hiyo ziba nyufa, anika matandiko juani na ufagie pembe za kibanda. Aliyeng'ang'ania mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute sawasawa bila kumpinda. Mafuta ya taa hayafai. Kabla ya mvua za Aprili mpunguze mwili kwa 5F, ukague masikio na katikati ya vidole kila jioni. Akiacha kula, akawa na homa na fizi zimepauka, au akatoka damu puani, hiyo huenda ni homa ya kupe. Inatibika ikiwahiwa, na chanuo peke yake halitoshi tena.

Sabuni ya mche

*Je, sabuni ya kufulia inafaa? Maji yetu ni ya kisima. — Msomaji wa Maweni*

Haifai. Ni kali kwa ngozi ya mbwa, na maji ya visima vingi vya pwani, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa inayoshikana na sabuni ya mche ikawa utando mweupe ndani ya manyoya. Tumia shampuu ya mbwa, na kama kisima chako kina chumvi, weka akiba lita tano za maji ya mvua kwa kusuuzia mwisho.