Shamba Limegeuka Pori, Nianzie Wapi?

Barua nyingi za msimu huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza kuhusu shamba lililoachwa miaka na mtu anayeliingia kwa mara ya kwanza. Moja tumeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ya wengi.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mtumishi hapa Mtwara mjini, jembe silijui. Marehemu mjomba ameniachia ekari moja njia ya Nanguruwe, haijaguswa kwa miaka sita. Ndani kuna mikorosho mikubwa kama 40, nyasi zimenipita kimo, vichaka vimejaa. Nina Jumamosi na Jumapili tu. Jirani anasema nichome moto nimalize kwa siku moja. Kibarua anataka nimlipe afyeke lote. Nahitaji korosho na nahitaji kupanda chakula. Mwezi huu wa Juni nianze na nini? (Mgeni wa Jembe, Mtwara)

JIBU: Pole kwa msiba, na hongera kwa kutaka kuliinua shamba la mjomba.

Moto, hapana. Mkorosho hauvumilii moto, majani makavu ya miaka sita yaliyolala chini yake ni kuni tosha, na mwezi huu upepo wa kusi unavuma. Hata mti usiokufa hupoteza ncha za matawi kwa joto, na maua ya mkorosho hutoka kwenye ncha hizo hizo. Utakuwa umeteketeza mavuno ya mwaka huu ili uokoe nguvu za wiki chache.

Kibarua naye asubiri kidogo. Ardhi iliyoachwa imejaa mbegu za magugu zilizolala. Ukifungua ekari nzima kwa mkupuo, mvua ya kwanza itaziamsha zote, na kufikia Januari utakuwa na pori jipya, changa na lenye nguvu kuliko hili, na pesa ya kibarua imekwisha. Kipimo tunachokipendekeza ni kufungua eneo unaloweza kulipalilia mara mbili ndani ya mwezi. Kwa mtu wa mwisho wa wiki hiyo ni robo ekari, isizidi. Kwingineko saidia miti tu, pori lingine lisubiri mwakani.

Kazi ya kwanza kabisa ni barabara ya moto, kwa kuwa wewe hutachoma lakini wenzako watachoma. Fyeka na ukwangue ukanda wa mita 3 mpaka udongo uonekane. Kuzunguka ekari nzima ukanda huo unakula karibu sehemu ya tano ya shamba, kwa hiyo usijitese: pande zinazopakana na barabara au na jirani aliyekwisha kusafisha, ziache. Malizia pande zenye pori kabla Julai haijaisha. Ukiwa unazunguka utaiona pia mipaka yako, na ni vizuri mwenyekiti wa kijiji na majirani wawepo siku hiyo. Waulize jambo moja zaidi: je, korosho za msimu huu zimekwisha kuuzwa kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaozinunua mapema kwa bei ya kutupa, au kuwekwa rehani? Mambo hayo huibuka siku ya kuokota, na ugomvi wake ni mkubwa.

Julai hadi Agosti ingia chini ya mikorosho. Safisha kuanzia shina mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia, ongeza mita moja. Tumia fyekeo na reki, usilime kwa jembe. Mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi na jembe linaikata. Korosho huanguka zenyewe, nawe utaziokota chini, kwa hiyo pasiposafishwa nusu ya mavuno yako hutaiona. Majani uliyofyeka yarundike kati ya mti na mti yaoze. Nunua tupa pamoja na panga, maana panga butu ndilo linalowachosha wageni mapema, na ndilo linaloteleza likakata mguu.

Vichaka vilivyoota katikati, vyenye shina la unene wa kidole, ving'oe kwa sururu baada ya mvua za mwanzo, udongo ukiwa laini. Vinene vikate, kisha rudi kila baada ya wiki tatu kukwanyua machipukizi. Kisiki kikikatwa mara moja wakati wa kiangazi huchipua kwa fujo, kwani chakula chote kimo mizizini. Ukikikata kikiwa kimekwisha kutoa majani mapya, kimetumia akiba yake, na kila chipukizi unaloondoa linakidhoofisha.

Usikate tawi wala mti wowote sasa. Tunajua 40 ni mingi. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba mikorosho 28, na miti yako bila shaka imeshikana matawi, inazaa pembeni na juu tu panapopata jua. Lakini hujui ipi inazaa. Msimu huu, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, okota kila mti na kiroba chake na ufunge kitambaa chekundu kwenye mti uliotoa kidogo au korosho ndogo. Usiruke hatua hii. Watu wengi hupunguza miti kwa macho, wakabakiza yenye majani mazuri, na mti wenye majani mazuri unaweza kuwa mvivu kabisa. Januari hadi Machi, mavuno yamekwisha na majani mapya hayajatoka, ndipo unapoondoa ile yenye kitambaa iliyoshikana na mizuri. Fanya nusu mwaka huo, nusu mwaka unaofuata. Wakati huo huo pogolea matawi makavu na yanayogusa ardhi. Tawi nene likate mara tatu: kwanza chini, theluthi moja ya unene, hatua moja kutoka kwenye shina, kisha juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke, mwisho kisiki chake karibu na shina. Ukikata mara moja kutoka juu, tawi litaanguka na kuchuna gome mpaka chini, na kidonda hicho hakifungi.

Na salfa, ule unga unaopuliziwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua ya mkorosho? Kipimo cha kawaida ni gramu 250 kwa mti kwa mzunguko, kila baada ya siku 14, mizunguko hadi mitano, kuanzia maua yanapochomoza. Kwa miti 40 ni kilo 10 kila mzunguko, mifuko miwili ya kilo 25 kwa msimu, pamoja na kukodi mashine. Katika miti iliyofungamana hivyo unga haupenyi vizuri. Kwa mwaka huu tungepulizia michache iliyo pembeni yenye nafasi, alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa juu ya maua ili unga ushike. Wahi pia kujiandikisha kijijini kwenye daftari la wakulima wa korosho, pembejeo za ruzuku hupitia huko.

Sasa chakula. Chagua robo ekari isiyo na kivuli. Ifyeke Novemba, ilime mvua zikianza, halafu usipande. Ndiyo, usipande. Acha magugu yaote yafikie urefu wa kidole, yapige jembe kijuujuu, siku ya jua, yakauke. Acha yaote tena, yapige tena. Usichimbe kina kirefu mara hizi, utaziinua mbegu nyingine zilizokuwa zimelala chini. Kufikia Februari umeimaliza sehemu kubwa ya akiba ile ya mbegu za magugu, na Februari hadi mwanzo wa Machi ndiyo wakati mzuri wa kunde za punje huku kusini, zikomae mvua ikiwa inaondoka. Nafasi ni sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo; kilo 3 zinatosha robo ekari. Palilia wiki ya pili au ya tatu, kisha ya tano; baada ya hapo majani yatafunika ardhi yenyewe.

Karanga zinavutia zaidi kwa bei, lakini ziache mwaka wa kwanza. Zikishapeleka vikonyo ardhini huwezi tena kupitisha jembe, na katika shamba lililokuwa pori magugu hayatakusubiri. Muhogo chini ya mikorosho usiupande kabisa, kivuli kitakupa majani na mizizi myembamba kama kamba.

SWALI: Fundi wa kufyeka alinitajia bei ya ekari, tukapima mita 70 kwa 70. Sasa jamaa anasema nimemdhulumu. Nani mkweli? (Mama Mwenye Shamba, Mtama)

JIBU: Yeye, mama. Ekari ya vijijini ni hatua 70 kwa 70, na hatua inayokusudiwa ni yadi, pungufu kidogo ya mita. Kwa mita ni kama 64 kwa 64. Mita 70 kwa 70 inazidi ekari kwa karibu moja ya tano, mwongezee sehemu hiyo. Siku nyingine pimeni kwa kamba moja mbele ya wote wawili. Robo ekari ni hatua 35 kwa 35, si 17 kwa 17 kama wengi wanavyogawanya.

SWALI: Kiwanja changu cha bustani kimejaa ndago. Nimelima mara tatu na zinazidi. Kuna dawa? (Mkulima, Mingoyo, Lindi)

JIBU: Zinazidi kwa sababu unalima. Chini ya kila ndago kuna viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga. Jembe likivikata na kuvitawanya, kila kimoja huota mmea wake. Kwa kitalu kidogo, chimbua kwa uma wa shamba, chekecha udongo kwa mkono na utoe viazi hivyo nje kabisa, usivitupe kwenye mboji.

Kwa eneo kubwa, tumia dawa ya glaifoseti, na wakati ndio siri yake. Subiri ndago ziwe na majani manne hadi sita na bado hazijatoa maua. Hapo mmea unashusha chakula chini na dawa inashuka nacho. Ukipulizia zikiwa changa sana utaunguza majani tu. Kwa dawa yenye gramu 360 kwa lita, mililita 150 hadi 200 kwa bomba la lita 16 ndiyo kawaida, lakini fuata kibandiko cha chupa kwani nguvu hutofautiana. Maji yawe safi. Ukichota ya dimbwi lenye tope, udongo unaishika dawa ndani ya bomba na unapulizia maji. Isinyeshe kwa saa sita. Usilime kwa wiki mbili baada ya hapo, acha iteremke. Rudia kwa zitakazoota, hazitaisha kwa mara moja. Na dawa isiguse majani wala gome la kijani la miche yako, mipapai hasa.

SWALI: Vibarua wanagoma kuingia kwangu: kuna upupu, na mikoroshoni kuna chungu wakali waitwao maji moto. Nipulizie sumu? (Kijana, Newala)

JIBU: Upupu ufyeke ukingali kijani, kabla maganda hayajakauka na kuanza kupeperusha manyoya. Kama umekwisha kukauka, ingia asubuhi umande haujakauka, nguo ndefu, kitambaa shingoni, na usimame upande upepo unakotoka. Ukikupata usikune: bandika selotepu au donge la unga uliokandwa ubandue manyoya, ndipo uoge.

Maji moto usiwaguse! Yale mafungu ya majani yaliyoshonwa pamoja juu ya mkorosho ni nyumba za walinzi wako. Chungu hawa huwinda mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi mpaka yakawa meusi. Sumu utakayopulizia itawaua wao kwanza. Vibarua wafanye kazi chini ya miti hiyo mapema, kukiwa na ubaridi, wajipake majivu mikononi na miguuni.

SWALI: Nimesafisha nimekuta mkorosho mmoja umekauka upande mmoja, majani yamebadilika rangi na kuning'inia. Nikate? (Msomaji, Tandahimba)

JIBU: Usiukate bado, na usilime chini yake. Huenda ni mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokaa udongoni na kuingilia mizizini, hasa iliyojeruhiwa na jembe. Mwite afisa ugani auone, au peleka taarifa kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara, wanaoshughulika na zao hili. Mpaka hapo fanya kazi kwenye mti huo mwisho wa siku, baada ya mingine yote. Panga, jembe na mabuti vikwanguliwe udongo papo hapo, visiupeleke kwenye mti mwingine, kisha uvioshe kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji. Pengo lake usilijaze kwa mche mpya wa mkorosho msimu huu.