Pima kasi kwanza, mlinganyo utausoma baadaye

Kama unaanza kemia chuoni, au unafundisha kidato cha sita, fanya jaribio la iodini na asetoni ndani ya maji yenye asidi kabla hujakariri hatua za mmenyuko wowote. Nimelisimamia maabara kwa muda mrefu na bado sijaona la bei nafuu linalofundisha kuliko hili.

Ukiutazama mlinganyo, asetoni moja inakutana na iodini moja, inatoka iodoasetoni na haidrojeni iodidi. Kila mwanafunzi hutarajia kwamba iodini ikiongezwa maradufu, kasi nayo itapanda. Haipandi! Asetoni ikiongezwa maradufu, kasi inakuwa maradufu; asidi vivyo hivyo, ingawa kwenye mlinganyo haimo kabisa upande wa kushoto.

Sababu ni kwamba kazi ngumu inafanyika kabla iodini haijaguswa. Asidi huipa oksijeni ya asetoni protoni, kisha kaboni ya pembeni inaachia haidrojeni yake na molekuli inageuka enoli, yaani umbo la asetoni lenye kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi maradufu na kundi la OH. Hapo ndipo penye mwendo wa polepole. Enoli ikishatokea, iodini inaidaka papo hapo. Mkemia Arthur Lapworth aliligundua hilo mwaka 1904 akitumia bromini.

Kwa kolorimita, kifaa cha kupima ukali wa rangi, mimi huanza na asetoni moli 1 kwa lita, asidi hidrokloriki 0.4 na iodini 0.002, vipimo hivyo vikiwa vya mchanganyiko kamili. Kwa nyuzi 25 rangi ya iodini huisha baada ya dakika tatu hivi. Iyeyushe iodini kwenye potasiamu iodidi, maana maji matupu hayaimudu. Ukipunguza kimoja, jazia maji ili ujazo wa jumla ubaki uleule. Grafu ya rangi dhidi ya muda itashuka kwa mstari ulionyooka mpaka chini, kisha italala ghafla. Mnyooko huo ndio unaokuonyesha kwamba iodini haina kauli kwenye kasi.

Huna kolorimita? Tumia iodini 0.02, uchukue sampuli kila baada ya dakika chache. Kila sampuli imwage kwenye sodiamu bikaboneti ya kutosha: asidi inakufa, mmenyuko unasimama, nawe unataitreti (unapima iodini iliyobaki) kwa sodiamu thayosalfeti bila haraka. Wanga tia mwishoni, rangi ikiwa imebaki njano hafifu.

Usibane asidi. Haidrojeni iodidi inayozaliwa ni asidi pia, kwa hiyo ukianza na kidogo mno kasi itapanda yenyewe na mstari utapinda. Wengi huilaumu pipeti bure. Chupa zikae ndani ya beseni la maji ya joto moja, hasa mchana wa jua kali, na ziwe na vizibo kwa kuwa asetoni huruka upesi.

Na tafadhali, moto usiwepo karibu. Iodoasetoni nayo huwasha macho vibaya, hivyo fanyia kazi kwenye kabati la kuvuta hewa, au walau madirisha yote yawe wazi.

Penye kabati hilo, rudia kwa bromini ukiacha asetoni, asidi na joto vilevile. Bromini itapungua kwa kasi ileile ya iodini.