Arusi ya watu wawili pwani: sitiri kwanza, picha baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja mpigapicha wa Jambiani, hapa Zanzibar, aliniandikia: "Assalamu alaykum dada. Nimepata wateja, wanaume wawili kutoka Uholanzi. Wanataka picha za arusi yao pwani, wao wenyewe tu, bila wageni. Nikubali au niache? Na maji yanakuwa mazuri siku gani?"

La maji nilimjibu papo hapo. Lile la kwanza limeninyima usingizi siku mbili.

Kazi hii niliianza kwenye arusi za kwetu, upande wa wanawake. Mlangoni simu zinakusanywa. Ndani bibi arusi yuko kichwa wazi, hina na piko mpaka viwikoni, na mama zake wanacheza bila mabuibui. Mpigapicha lazima awe mwanamke, tena anayeaminika. Bi mkubwa aliyenipa kazi yangu ya mwanzo, Jang'ombe, alinishika mkono akaniambia, "Picha si zako mwanangu, umezibeba tu." Tangu siku hiyo haijavuja hata moja ya arusi hizo. Najivunia, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo walipokuja wanawake wawili kutoka Cape Town nilijiona mimi ndiye hasa. Ndoa walikwisha kuifunga kwao. Sheria ya Afrika Kusini inairuhusu tangu Novemba 2006. Huku walitaka asubuhi moja tu ya kusomeana barua, na picha. Niliwaeleza bila kuzungusha: Zanzibar ndoa ya jinsia moja haipo, sheria ya adhabu inayakataza mahusiano hayo, na Novemba 2018 polisi waliwakamata wanaume 10 Pongwe kwa tuhuma za kufungishana ndoa. Yote hayo walikuwa wameshayasoma. Tukakubaliana: hakuna maua, hakuna mfungishaji, hakuna busu. Watu wawili wanatembea pwani, basi.

Nilichagua Bwejuu, siku ya bamvua, yaani ya maji makuu, mwezi wa Januari. Wapigapicha wengi wanaikimbia bamvua kwa sababu maji yanakwenda mbali mno. Lakini siku hizo hujaa kwenye saa kumi alfajiri, kwa hiyo jua likichomoza saa kumi na mbili na robo bado yako karibu, ndiyo kwanza yanatoka, na mchanga umelala laini bila alama ya mguu. Saa nne ndiyo yamekauka, na kina mama wa mwani wameshajaa pwani. Una saa moja na nusu ya mwanga mzuri. Jua letu hupanda wima. Likifika saa mbili limeshachubua nyuso.

Wale wanawake walikuwa wamenunua doti ya kanga Darajani, haijakatwa bado. Mmoja akaniuliza mkasi. Wakaishika doti huku na huku, kaskazi ikiipeperusha, wakaikata katikati wao wenyewe, polepole, kila mmoja akajifunga kipande chake. Wanawake wawili waliovaa sare ya kanga, nani kwetu atageuka kuwatazama? Mvuvi alipita na wavu begani, akawaamkia, akaenda zake. Kisha mmoja akaanza kusoma barua, sauti ikamkatika, mwenziwe akaipokea akaendelea kuisoma yeye, barua iliyoandikwa kwa ajili yake. Nilikuwa mbali kidogo na lenzi ya milimita 85, nikapiga mara tatu nikaishusha kamera. Nimepiga arusi nyingi za watu 500 na sijaona kitu kama kile.

Sasa niseme linaloniuma. Nilikwenda na msaidizi, kijana wa kunishikia reflekta, ule ubao wa kurudisha mwanga usoni. Sikumwambia wateja ni nani wala wanataka nini. Nilidhani nikinyamaza ndiyo nimesitiri. Kumbe kijana aliona mkasi, aliona machozi, akachukua video ya sekunde chache akaiweka stetasi na vicheko. Kufika alasiri imeshawafikia mapapasi, wale vijana wanaowafuata watalii, wa pale hotelini kwao. Meneja akawaita. Sijui waliambiwa nini. Walipanda boti ya kwanza asubuhi yake, siku nne kabla ya safari yao kwisha. Pesa yangu walilipa yote. Niliwatumia picha, wakajibu mistari miwili: wanashukuru, na nisiwaandikie tena.

Nilimlaumu kijana kwa miezi. Siku hizi namlaumu aliyemwajiri. Ukumbini ningemnyang'anya simu mlangoni. Pwani nikasahau kuwa pwani nayo ina mlango.

Basi, mdogo wangu, na wengine mnaonisoma. Waambie wateja sheria ilivyo kabla hujapokea hata shilingi ya kwanza, kwa maandishi, kwa lugha wanayoielewa. Ndoa yao wafunge kwao. Uholanzi wanaruhusiwa tangu 2001. Wakikuomba uwatafutie wa kuwafungisha hapa, kataa, kwa usalama wao na wako. Na kwa wanaume wawili macho ya watu ni makali zaidi, kwa hiyo hata kushikana mikono waache. Droni usiirushe: inahitaji kibali, na inakusanya watoto wa kijiji kizima. Zima alama ya mahali kwenye kamera na simu. Wakishapokea picha zao, zifute. Usiziposti, hata migongo tu, hata miguu kwenye mchanga. Kurasa zetu zimejaa wateja ambao hatukuwauliza kama wanataka kuonekana, nasema hata kwa wale wa mume na mke, na hili ni dhambi ya fani yetu nzima. Wala usiwapandishie bei kwa kuwa wana hofu. Nawajua wanaofanya hivyo halafu wanajiita watu wa dini.

Wapo watakaoniuliza mbona nawasaidia watu hawa. Mimi ni Muislamu, naswali, na tangu utotoni nimefundishwa kumsitiri aliyeniamini. Sikufundishwa nimuulize kwanza anampenda nani. Na wewe unayenung'unika, picha ngapi za dada za watu umezihifadhi simuni mwako bila idhini yao?

Jana kijana wa Jambiani amenijibu. Hofu yake ni moja: hana msaidizi anayemwamini, sasa reflekta ataishikaje na huku anapiga? Nikamwandikia kwamba haihitaji. Mchanga wa huko ni mweupe. Asubuhi jua likiwa chini unarudisha mwanga usoni wenyewe. Bwejuu pia ni mweupe vilevile. Ningeweza kwenda peke yangu.