Una CDL, ile leseni ya lori, na wikendi unaendesha gari yako binafsi ukiwa umekunywa? Soma hapa kabla hujamsikiliza mshkaji

Mkuu umeuliza vitu viwili. Kwanza, ukiwa na CDL halafu unaendesha gari yako binafsi hapa Marekani, kiwango chako cha pombe kwenye damu ni ile asilimia 0.04 ya lori au 0.08 kama watu wengine. Pili, mshkaji wako kakwambia hata ukikamatwa unatafuta wakili mzuri, kesi inafutwa, CDL inabaki salama. La kwanza ni jepesi. La pili lilinitafuna mwaka mzima kwa hiyo nivumilie.

0.04 ni ukiwa umeshika lori. Kwenye Corolla yako we ni raia tu, 0.08, isipokuwa Utah, wale walishusha mpaka 0.05 tangu mwisho wa 2018. Na hiyo 0.08 usiichukulie kama ruhusa, hapa Texas askari akiona umeshapoteza uwezo wako wa kawaida wa akili au mwili anakubeba hata ukiwa chini ya hapo.

Ila namba siyo tatizo, tatizo ni kwamba wengi tunajiona tuna leseni mbili, ya kazini na ya nyumbani, kumbe kadi ni moja. Sheria ya federali haiulizi ulikuwa kwenye nini. DUI, yaani kosa la kuendesha umelewa, hata ukiwa na gari ya mkeo unaenda kununua maziwa, CDL inafungiwa mwaka 1. Ya pili ni maisha, hata kama zote mbili ulikuwa kwenye gari ndogo, labda jimbo lako likuruhusu kuomba upya baada ya miaka 10. Na kugoma kupuliza kipimo cha pombe kunahesabika vilevile, kwa hiyo ule ushauri wa vijiweni kwamba "usipulize, hawatakuwa na ushahidi" kwa mwenye CDL ni sumu.

Sasa yaliyonikuta. Niko Houston. 2022 tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu, mbuzi wawili, bia za kutosha, na mtu alitoka likizo Bongo na Konyagi mbili kwenye begi. Nilijihesabia bia nne toka saa kumi na mbili jioni, zile Konyagi sikuzihesabu maana nilikuwa naonjeshwa kwenye kifuniko, unajua tena. Saa saba usiku nikaondoka, nikajiona niko fresh kabisa, nikasimamishwa kwa kubadili leni bila indiketa. Kituoni nikapuliza mara mbili, ya kwanza 0.091, ya pili 0.088. Nilikuwa naangalia ile karatasi inavyotoka kwenye mashine kama mtu anayesubiri risiti ya umeme.

Leseni wakaichukua, nikapewa karatasi ya kutembelea kwa muda. Sasa sikia vizuri, hiyo karatasi ndo kesi yenyewe. Mimi niliikunja nikaiweka kwenye dashibodi pamoja na risiti za mafuta, nikasema nasubiri tarehe ya mahakama nikajitetee huko. Aibu pia ilichangia, hata wife nilimwambia nimesahau leseni kwa jamaa. Siku ya 19 ndo nikaenda kwa wakili, hata salamu hatujamaliza ananiuliza karatasi iko wapi. Akaisoma, akavua miwani. Imeandikwa pale kwamba una siku 15 za kuomba usikilizwe kuhusu leseni, usipoomba leseni inafungiwa yenyewe kuanzia siku ya 40, bila jaji, bila nini. Huo ni utaratibu wa utawala, hauna uhusiano na kesi yako ya mahakamani, zinakwenda kila moja na njia yake.

Upande wa gari ndogo nilifungiwa siku 90. CDL mwaka 1. Na ukishapata taarifa kwamba umefungiwa una mpaka mwisho wa siku ya kazi inayofuata kumwambia mwajiri, nikampigia dispacha, yule anayetupangia mizigo, akanyamaza kidogo akasema sawa bro, leta funguo.

Sasa utamu wenyewe, baada ya miezi 9 ile kesi ya mahakamani ilifutwa kweli! Video ya askari ilikuwa na matatizo. Nikamkumbatia wakili pale koridoni, nikamuuliza lini napata CDL yangu. Akaniambia hiyo haihusiani. Hapa Texas ukishinda kesi, yaani ukasomewa huna hatia, kufungiwa kule kunaondoka, lakini kesi kufutwa tu hakugusi kitu. Kwa hiyo nikawa mtu asiye na kosa lolote mahakamani nabeba maboksi ghalani kwa dola 17 saa moja. Kuna kibali maalum cha kwenda kazini ukiwa umefungiwa, ila ni cha gari ndogo, cha lori hakipo, usipoteze hela ya mtu kukuombea.

Na wale wa "utapewa ile ya kukaa bila kosa mwaka mmoja, halafu kesi inafutika", majimbo yamekatazwa kuficha makosa ya mwenye CDL kwa njia hiyo. Jirani yako asiye na CDL anaweza kuipata, wewe hapana.

Kitu kimoja kilichoniokoa, DUI ya gari binafsi haikuniingiza kwenye ile Clearinghouse ya FMCSA, yaani orodha ya serikali kuu ya madereva wa lori waliovunja sheria za pombe na dawa za kulevya, kwa hiyo sikuhitaji kupitia mshauri na vipimo vya kurudi kazini. Lakini rekodi ya udereva inaonyesha kila kitu, kampuni tatu zilinikataa kabla ya moja kunichukua.

Halafu mkuu umesema huwa unakunywa Jumamosi na unatoka na mzigo Jumapili asubuhi. Piga hesabu. Mwili unatoa kama 0.015 kwa saa, kahawa na supu havibadili kitu. Ukilala saa nane usiku na 0.12, saa kumi na mbili ukikagua tairi una 0.06, hapo uko juu ya kiwango cha lori na hujagusa glasi toka usiku. Kisheria hutakiwi kuwa umekunywa ndani ya masaa 4 kabla ya kazi, lakini kama unavyoona masaa 4 hayatoshi. Hata wakikuta kidogo tu chini ya 0.04 unapaki masaa 24.

Na kutembea na kichwa bila trela kwenda kwenye nyama choma, hata uandike kwenye logi yako ya masaa ya kazi kwamba umeshatoka kazini, bado ni lori, 0.04 inakuhusu. Nimeona watu wanabishana hili kila mwaka.

Kama tayari umekamatwa na hujasema, angalia tarehe kwenye hiyo karatasi sasa hivi. Uko siku ya ngapi?