Maswali na Majibu: Nguo ya Siku ya Picha

Mimi ni mweusi sana. Nivae rangi gani nitoke vizuri kwenye picha za mahafali? (Msomaji, Mwanza)

Swali hili huletwa mara kwa mara kwa maneno yale yale, na kila mara linaanza kwa kuilaumu ngozi, jambo ambalo silikubali. Ngozi nyeusi huchukuana vizuri mno na rangi zilizokolea, iwe njano ya haradali, zambarau, kijani au nyekundu iliyoiva. Kwa mahafali, joho litafunika karibu kila kitu, kwa hiyo shughulikia ukosi na viatu. Kinachoharibu picha ni mwanga. Kamera inayojipimia mwanga yenyewe ikikutana na gauni jeupe tupu hupunguza mwanga wa picha nzima, na uso ukazama gizani. Mpigapicha anayeijua kazi yake hupima mwanga usoni, si kwenye nguo. Nawe ukitumia simu, gusa uso kwenye kioo chake kabla ya kupiga. Ikumbukwe pia kwamba kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak ilizisambaza kwenye maabara za kusafishia picha, ili rangi zipimwe kwazo, zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyofanywa kipimo cha watu wote. Kasoro ilikuwa katika vipimo hivyo. Basi msikubali kupaushwa kwa kompyuta, wala msinunue krimu za kujichubua kwa ajili ya picha, kwani zile zenye zebaki huharibu figo.

Je, ni kweli nguo nyeusi humpunguza mtu unene? (Msomaji, Nakuru)

Huficha mikunjo tu. Mshono uliokaa sawasawa mabegani na kiunoni ndio unaompendeza mtu mnene na mwembamba, na nguo inayobana itaonekana inabana hata ikiwa nyeusi.

Kamati yetu ya harusi imechagua sare ya satini ya dhahabu baada ya kuiona kwenye simu. Unashauri nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Nashauri msilipe bado. Satini hurudisha mwanga wa flashi, kwa hiyo kila mkunjo wa tumboni na kwapani utang'aa kuliko uso wa mwenye nguo. Rangi mliyoiona kwenye simu si lazima iwe ya kitambaa chenyewe: kitoeni dukani, kitazameni juani, kisha mkitazame chini ya taa za ukumbi mtakaoutumia, maana taa za bluu na zambarau huigeuza dhahabu ikawa rangi ya matope. Kitambaa chote kitoke jora moja, kwa sababu majora mawili yenye jina moja la rangi yanaweza kupishana, na tofauti hiyo itajitokeza watu watakaposimama bega kwa bega. Na jambo ambalo hamkuuliza: kumlazimisha shangazi asiye na uwezo anunue sare ya bei ya juu ili picha ipendeze ni kumdhalilisha. Mtajieni rangi, avae nguo aliyonayo.

Shati langu la mistari myembamba hutoka na mawimbi kwenye picha. Kamera ni mbovu? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Mistari iliyosongamana hugongana na safu za vitone ambavyo kamera hutumia kunasa picha. Vaa shati lisilo na mistari.

Gauni langu la shifoni lilionekana zito nyumbani, lakini kwenye picha za usiku linaonyesha mwili. (Msomaji, Mombasa)

Flashi hupenya kitambaa chepesi. Gauni la usiku lijaribiwe gizani kwa flashi ya simu kabla ya siku yenyewe, pamoja na gaguro la ndani na poda utakayopaka, kwa kuwa zipo poda ambazo flashi huzigeuza kuwa kama majivu usoni.

Mama anataka kuvaa kanga katika picha ya familia, ndugu zangu wanasema si nguo ya studio. (Msomaji, Tanga)

Ndugu zako wamekosea, na mama avae kanga yake. Ajifunge mbele ya kioo kwanza, kwa sababu mara nyingi jina hubaki nyuma au humezwa na mkunjo. Apewe nafasi ya katikati, kwani simu huwavuta na kuwapanua waliosimama pembeni. Msitumie kamera ya mbele ya simu bila kuikagua, maana baadhi ya simu hugeuza picha, na jina la kanga likasomeka kinyume.