Maswali na majibu: Usiku wa pili baada ya upasuaji

Nilijifungua kwa upasuaji, nikawekewa dawa kupitia mrija wa mgongoni. Siku ya kwanza nilipiga gumzo na wageni. Usiku wa pili nikalia. Dawa ilikuwa mbovu? – Mama Pacha, Kayole

Haikuwa mbovu, iliisha. Mofini ya mrijani, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, huwa kidogo, kama miligramu 2 au 3 tu, lakini kwa kuwa inakaa jirani na neva zinazobeba maumivu, hushika saa 12 hadi 24. Ikiondoka haiagi. Na wengi wetu hujiponza hapo: nesi anakuja na parasetamo, unamwambia, "Niko sawa, sista," anapita. Usiku maumivu yanakukuta mikono mitupu. Parasetamo hutolewa kila baada ya saa 6, pamoja na ibuprofeni au diklofenaki ikiwa figo, tumbo na presha yako vinaruhusu. Meza saa ikifika, usingoje uchungu. Kabla ya kukohoa au kuinuka kitandani, kunja leso iwe nene, uikandamize juu ya mshono.

Pua iliniwasha hadi nikaichubua. Mama mkwe anasema dawa ilinikataa. – Umoja

Mwasho huo, hasa wa uso na kifua, ni kawaida ya mofini ya mgongoni. Kwa kawaida si mzio. Ndiyo maana vidonge vya mzio hukupa usingizi zaidi kuliko nafuu. Mwambie nesi, zipo dawa nyingine. Midomo ikivimba au kifua kikibana, hayo ni mengine: ita mtu papo hapo. Na mama mkwe usibishane naye, utamhitaji akushikie mtoto.

Nesi alikuja na tochi usiku kucha, anamhesabia mke wangu pumzi na kumwamsha. Kulikuwa na haja? – Baba Kijacho, Kawangware

Kubwa sana. Ni nadra, lakini mofini hii inaweza kupunguza kasi ya kupumua hata saa nyingi baada ya kuwekwa. Mgonjwa asiyeamshika ndiye wa kukimbiliwa, na dawa ya kuizima mofini ipo, naloksoni. Mimi ningelalamika kama tochi isingekuja.

Ninyonyeshe? – Mama Tee, Githurai

Nyonyesha. Mofini inayofika kwenye maziwa ni chembe. Usiguse tu vile vidonge vya maumivu vya kodeini vilivyobaki kabatini: miili ya baadhi ya akina mama huigeuza kuwa mofini haraka mno, mtoto akazubaa, akashindwa hata kunyonya.