Afisa ugani, leta shamba lililokushinda

Msimu wa 2017/2018 mama mmoja alinikamata gulioni. "Bwana shamba, wewe umesema tununue sumu. Mwenzako wa ng'ambo ya mto anawaambia watu wake watie sabuni ya unga. Nimfuate nani?"

Nikabaki kucheka cheka. Kiwavijeshi vamizi, mdudu anayeshambulia mahindi, ndiye tuliyekuwa tukibishania, na alikuwa mgeni kwetu sote. Afrika alionekana mara ya kwanza 2016, na mwaka uliofuata akawa ameshaingia Tanzania. Mimi mwenyewe nilipomwona mara ya kwanza nilimwita bungua, yule funza wa mabua tuliyemzoea. Mipaka ya kata tunaijua sisi na mtendaji. Wakulima wanakutana gulioni na kulinganisha tuliyowaambia.

Jioni ile nilimpigia mwenzangu wa ng'ambo. Tukaongeza wengine, tukafika sita, kila mmoja na kata yake. Mara mbili za kwanza tulikutana ofisini, na zilikuwa hasara tupu: kila mtu alisifia shamba darasa lake, tukanywa soda, tukaondoka. Ya tatu tukakutania shambani, kwa sharti moja: mwenyeji atupeleke kwenye shamba lililomshinda.

Mwenyeji alikuwa mzee wetu kikazi. Alikiri kwamba mkulima wake amepuliza mara tatu, sumu ileile, na viwavi bado wapo. Bibi shamba mmoja, mdogo kuliko sote, akafunua majani machanga yaliyojikunja katikati ya muhindi. Kiwavi mnene kalala ndani, juu yake kinyesi kama vumbi la mbao kimeziba njia. Akauliza, "Mlipuliza saa ngapi?"

Saa sita mchana.

Basi. Kiwavi mkubwa mchana hujificha humo, na dawa inaishia juu ya majani. Apulizwe akiwa mdogo, asubuhi na mapema au jioni, na sumu ya aina moja isirudiwe rudiwe, kwani viwavi huizoea. Semina nilishahudhuria, lakini jambo hili lilinikaa siku ile, mkono wangu ukiwa ndani ya muhindi.

Tulikubaliana pia namna moja ya kukagua: unatembea shambani kwa umbo la W, unasimama vituo 5, kila kituo unatazama mimea 10. Jumla 50, kwa hiyo iliyoshambuliwa ukiizidisha mara mbili umepata asilimia. Hapo ndipo takwimu zetu zilipoanza kulingana, na ofisi ya wilaya ikaacha kutuuliza maswali ya ajabu.

Ukitaka kuanzisha kikundi cha namna hii, msizidi wanane. Posho msiitaje kabisa. Siku posho ikikosekana, kikundi kimekufa. Anayeandika daftari abadilike kila mkutano, la sivyo kazi inamwangukia kijana mmoja hadi achoke. Kundi la WhatsApp linasaidia kutumiana picha za majani, ila mkilegea litajaa salamu za asubuhi. Na mkiwa karibu na kituo cha utafiti, mwalikeni mtafiti, lakini aje shambani, kompyuta aiache ofisini. Sisi tulichelewa sana kufanya hivyo.

Yule mama nilimkuta tena gulioni, safari hii nikiwa na mwenzangu wa ng'ambo. Tukamweleza kwa pamoja, neno moja. Akatutazama kwa zamu.

"Haya, mmepatana. Na mbolea je?"